Semina ya bure, nani kailipia?

"Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka hisa na kukopeshana, cha akina mama 27 hapa Pasua, Moshi. Tunakutana kila Jumatano saa tisa alasiri. Mwaka huu tulikubaliana kwamba mara moja kwa mwezi tupate mtaalamu wa kutufundisha jambo. Wa kwanza alijileta mwenyewe, akasema anatoa elimu ya afya bure. Alivaa koti jeupe na alifundisha vizuri tu, kisha akatoa mashine ya kushika mkononi, akatupima wote, na kila mtu akakutwa na tatizo. Tisa kati yetu walinunua unga wa virutubisho, kopo moja shilingi 85,000. Mmoja wao ana presha ya siku nyingi, na sasa ameweka vidonge pembeni anakunywa unga. Tulikuwa tumeandika majina na namba za simu, kwa hiyo tunapigiwa kila siku. Wa pili tulimwomba sisi, mtumishi wa serikali, akataka posho ya 50,000 kabla hajaja. Sasa wanachama wanasema cha bure ni ghali, tuweke hisa zetu twende nyumbani. Je, wataalamu wa kweli wanaokuja bure wapo? Wanapatikanaje, na tutawajuaje?"

Marahaba, katibu. Kabla ya wataalamu, tuanze na huyo mama wa vidonge, maana lake halisubiri Jumatano. Nenda kwake leo. Usiende kumsema, amekwisha kujisikia vibaya kwa pesa yake. Mwambie hivi: dawa za presha haziuondoi ugonjwa, zinaishikilia presha chini. Ukiziacha, inapanda tena, na kwa baadhi ya dawa inapanda kwa kasi. Kwamba anajisikia mzima si ushahidi wa lolote, kwa sababu presha kwa kawaida haina dalili mpaka siku inapoleta kiharusi. Aende kituo cha afya anachohudhuria, leo au kesho, apimwe, na alibebe lile kopo wampe maelezo yake wakiwa wameliona. Asijipangie dozi mwenyewe, asimeze viwili viwili kufidia siku zilizopita. Akipata uso kupinda upande, mkono kuishiwa nguvu, maneno kukwama, maumivu ya kifua au kichwa kikali cha ghafla, hapo hakuna cha kituo cha afya: ni hospitali ya Mawenzi au KCMC, hata kama ni saa nane za usiku. Mimi si daktari. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa miaka 28, na haya ndiyo wauguzi niliokuwa nawaita kwenye vikundi walikuwa wakiyarudia mpaka nikayashika.

Sasa hilo neno bure. Hakuna semina ambayo haijalipiwa. Kuna mtu amelipia mafuta ya pikipiki, muda wa mzungumzaji, yale makaratasi ya rangi. Kwa hiyo kila anayetaka kuja kwenu aulizwe swali moja, kwa heshima, kwenye simu, kabla hajapewa tarehe: nani amekulipia kuja? Muuguzi atasema analipwa mshahara na kuelimisha ni sehemu ya kazi yake. Ofisa wa benki atasema benki inatafuta wateja. Kijana wa chuo atasema yuko fildi na ana ripoti ya kuandika. Mtu wa mradi atasema mradi una fungu la elimu kwa jamii na anahitaji saini zenu. Majibu yote hayo ni halali, na kila moja linakuonyesha mzungumzaji ataegemea wapi. Anayepata kigugumizi, au anayesema ameguswa tu na afya za akina mama wa Pasua, huyo msubirisheni.

Nami sijazaliwa na ujanja huu. Enzi za kware, wakati kila mtu anasema yai la kware linatibu kuanzia pumu hadi sukari, alikuja kijana mmoja ofisini kwangu, msafi, anaongea kwa kutulia. Alitaka kuwafundisha akina mama ufugaji, bure. Mimi mwenyewe nilimtambulisha kwenye vikundi viwili. Sikuuliza nani kamlipia. Alifundisha kweli, banda, chakula, joto la vifaranga, halafu akawauzia vifaranga kwa ahadi kwamba atarudi kununua mayai. Hakurudi. Kware wakaishia kwenye sufuria, na mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita barabara ya nyuma kwenda kazini.

Turudi kwa mgeni wenu. Koti jeupe linauzwa madukani, halithibitishi chochote. Daktari huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi ana baraza lake, na hata mtoa tiba asili ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mwombeni namba ya usajili na kituo anachofanyia kazi. Mtaalamu wa kweli hachukii. Mara nyingi hufurahi kuwa kuna kikundi kinachouliza.

Ile mashine naifahamu. Kijiti cha chuma kiganjani, waya unaingia kwenye laptopu, baada ya dakika moja kurasa zinatoka zimeandikwa ini, figo, mifupa, "sumu mwilini". Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Sukari hupimwa kwa tone la damu. Presha hupimwa kwa mkanda unaobana mkono. Hakuna chuma cha kushika kinachoweza kusoma ini lako kupitia kiganja. Halafu jamani, watu 27, hata mmoja hakutoka mzima? Hapo ndipo mngeshtuka. Dalili nyingine za mtu wa aina hiyo mtazikumbuka mkitulia: dawa moja inayotibu magonjwa kumi, shuhuda nyingi na maelezo machache, na bei inayoshuka "kwa leo tu". Kama kopo limeandikwa kwamba linatibu ugonjwa, lipelekeni kwa mfamasia wa Manispaa, au muwasiliane na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko Arusha. Pesa kurudi ni ngumu, sitawadanganya, hasa kama hakuna aliyepewa risiti.

Na zile simu: mna haki ya kuzikomesha. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu aliyechukua namba yako kwa ajili ya mahudhurio hana ruhusa ya kuitumia kukuuzia bidhaa bila ridhaa yako. Mtumieni ujumbe mmoja wa kikundi, mkimtaka afute orodha. Akikaidi, kuna Tume ya kumlalamikia. Kuanzia sasa daftari la mahudhurio ni lenu na linabaki kwako, katibu. Mgeni anayehitaji idadi mpeni idadi. Anayehitaji saini kwa ajili ya mradi wake mpeni majina bila namba za simu.

Je, wenye cha kuuza wafungiwe mlango kabisa? Mimi sisemi hivyo. Wakala wa mbegu mara nyingi anajua mbegu kuliko mtu yeyote mtakayempata wiki hiyo. Ofisa wa benki anaweza kuwaeleza tofauti ya akaunti ya kikundi na ya mtu binafsi vizuri sana. Waiteni, ila kwa masharti: dakika arobaini, hakuna mauzo ndani ya kikao, na hakuna mwanachama kununua kabla ya wiki mbili. Hilo la wiki mbili liandikeni kwenye katiba, mliwekee faini kama mnavyoweka ya kuchelewa. Bidhaa nzuri itakuwa bado ni nzuri baada ya wiki mbili.

Kuhusu hao wa bure kweli: wapo, na wengi wako karibu kuliko mnavyofikiri. Anzeni ofisi ya kata. Afisa maendeleo ya jamii ni wenu kabisa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haiguswi na kikundi kisichosajiliwa. Kuwaelekeza hayo si fadhila. Afisa afya, afisa ugani, mtu wa mifugo, wote ni hivyo hivyo. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. TRA wana watu wa elimu kwa mlipakodi, na usiwaogope, hawaji na mashine ya kukagua vibanda. Kwa mirathi, ardhi na ndoa, kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kwetu huku, ambako kihamba kimoja, shamba la ukoo, kinaweza kugombanisha ukoo mzima, hao msiwakose. Msiwasahau pia wastaafu wa mtaani kwenu. Mkunga aliyestaafu nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti anajua mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kama mngeniuliza nianze na nani, ningesema Zimamoto. Nimekaa kwenye semina nyingi za kusinzia, hiyo sijamwona mtu akisinzia. Askari anakuja na mtungi wa gesi wa kilo 6 kama ule ulio jikoni kwako, anauwasha uwanjani moto ukiwa wazi, akina mama wanarudi nyuma. Kisha analowesha gunia, analishika kwa pembe mbili za juu na kukunja mikono ndani ili moto usimlambe, analifunika taratibu kuanzia upande wake kwenda mbele, halafu anafunga koki. Kimya. Halafu anamwita mama mmoja afanye vile vile. Anaeleza kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi darini, inatulia sakafuni na kuingia chini ya kitanda. Kwamba ile harufu huongezwa makusudi ili uijue. Kwamba ukiinusa usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, bali ufunge mtungi, ufungue mlango na madirisha, utoke. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Na namba ni 114. Kwa kuwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, mitungi itaongezeka nyumba hadi nyumba, na wengi tunafundishwa na fundi aliyetuletea kwa bodaboda.

Posho sasa. Mtumishi mnayemwomba siku ya kazi, saa za kazi, ndani ya eneo lake, hamdaiwi kitu. Jumatano saa tisa bado ni saa za kazi. Lakini mkimwita muuguzi Jumamosi, siku yake ya mapumziko, kutoka ng'ambo ya mji, mkamlipia bodaboda na kumpa chakula, huo ni utu, na mfuko wa jamii wa kikundi unaweza kuubeba. Tofauti iko hapa: nauli mnaitaja ninyi, hadharani, na mweka hazina anaiandika. Ile 50,000 ya "kabla sijaja" ilitajwa na yeye, kwa simu, bila risiti. Ikitokea tena, mwambieni mtamwandikia mkuu wake barua kuomba utaratibu wa malipo. Mara nyingi sauti hubadilika papo hapo. Isipobadilika, TAKUKURU wako hapo hapo mjini, na kumdai mwananchi fedha ili umfanyie kazi unayolipwa mshahara kuifanya ni jambo linaloangukia kwenye sheria ya rushwa ya 2007. Tena na wao hutoa elimu kwenye vikundi bila malipo, mnaweza kuua ndege wawili.

Ila tuseme ukweli wote: ugonjwa wa posho uko na kwetu tunaosikiliza. Miradi imetuzoesha kulipwa nauli na soda kwa kukaa kwenye kiti. Nimeona kikundi kizuri kikisambaratika baada ya mradi kuondoka, kwa sababu muuguzi wa kata alipokuja bila bahasha alikuta watu sita. Kama kuna mradi utakaowapa nauli, pokeeni, lakini mkubaliane iingie kwenye mfuko wa jamii. Vinginevyo, wa mwezi unaofuata atakuja kuhutubia viti vya plastiki.

Jambo ambalo vikundi vingi hukosea, kuliko hata hayo ya pesa, ni kuomba mada badala ya kuuliza swali. Mkiandika "tunaomba elimu ya fedha," atakuja mtu asome kitini. Ulizeni jambo linalowauma, lenye tarakimu. Kwa mfano: "Wenzetu watatu wamekopa kausha damu shilingi 100,000, wanarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Riba halisi ni ipi?" Hapo mtaalamu lazima ashike chaki. Jumla ni 150,000, kwa hiyo mkopeshaji atasema asilimia 50. Lakini siku ya 20 umesharudisha laki yake yote. Siku kumi zilizobaki unatembeza ndizi juani kwa ajili yake. Na ile laki hukukaa nayo mwezi mzima, ulikuwa ukiirudisha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo riba ya kweli ni kubwa kuliko inayotajwa. Swali linalofuata linakuja lenyewe: huyo mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu? Sheria ile ile ya 2018 inamtaka awe nayo, na mna haki ya kuomba kuiona.

Wasomaji wa upande wa Arusha wana swali lao ambalo wangelibeba hivyo hivyo. Badala ya "elimu ya maji", waulize: maji ya kisima chetu yana floraidi kiasi gani, na tufanye nini? Miamba ya volkano ya Mlima Meru huachia floraidi kwenye maji, ndiyo maana meno ya watoto wengi huko yana kahawia, na ikizidi kwa miaka hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Wengi wanaamini kuchemsha kunaiondoa. Haiondoki, maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea. Wanaolifahamu jambo hili wako mlangoni: kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, ambako hutumia mkaa wa mifupa kuchuja, na chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Wenye migomba na kahawa nao wana kituo cha utafiti cha Lyamungo kwa kahawa, na mamlaka ya viuatilifu pale Ngaramtoni kwa masuala ya viuatilifu.

Siku yenyewe, wekeni mada baada ya kuitana majina na kabla wenye funguo hawajafungua kufuli tatu za sanduku la fedha. Sanduku likishafunguliwa, akili zote ziko kwenye hisa. Likishafungwa, kila mtu anakumbuka ameacha maharage jikoni. Dakika arobaini zinatosha, na nusu yake iwe maswali. Mpeni kila mwanachama kikaratasi aandike swali bila jina, ukusanye kwenye kikapu. Kuna maswali ya uzazi, ya ukimwi na ya waume ambayo hayatatamkwa mbele ya mama mkwe aliyekaa kiti cha mbele, hata aje profesa gani. Asiyejua kuandika amnong'oneze mmoja anayemwamini.

Na msimruhusu mzungumzaji yeyote, hata daktari wa kweli, atibu mtu mbele ya kikundi. Mada inafundisha, haipimi titi lenye uvimbe wala haiamui nani mrithi wa shamba. Mwenye uvimbe, damu isiyo ya kawaida, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au presha, aende kituoni akaonwe peke yake. Mwenye kesi ya ardhi akamwone msaidizi wa kisheria ofisini, na hati zake mkononi. Anayepigwa nyumbani asingoje mwezi wa mada ya ukatili. Aende dawati la polisi, na wewe katibu umsindikize.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, iende kwa Mtendaji wa Kata, au kwa Mganga Mkuu wa Manispaa kama ni afya, au moja kwa moja Zimamoto. Andika: sisi ni akina mama 27, tunakutana Jumatano saa tisa, mahali fulani, tunaomba dakika arobaini tarehe hii au hii, na maswali yetu matatu ni haya. Peleka wiki tatu kabla. Toa nakala, igongewe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, na uipige picha kwa simu kabla hujaondoka pale mezani. Mafaili ya kata nayajua, nimeyakalia miaka 28.